Land Cruiser pickup ya 1994 imelala nyuma na difu inakwaruza: niinue springi au nibadilishe tairi?

Mahindi_Kiteto

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina Land Cruiser pickup, HZJ75 ya 1994, injini ya 1HZ isiyo na tabo, springi za mabamba mbele na nyuma, hab za kufunga kwa mkono. Tairi ni 7.50R16 za tyubu kwenye rimu zake za chuma, zile zenye ringi. Kazi yake ni kutoa mahindi mashambani huku Kiteto na kuyafikisha soko la Kibaigwa. Mzigo wa kawaida ni gunia kumi, msimu ukichanganya zinafika kumi na tatu. Mvua zikianza inageuka gari la kijiji: wagonjwa, misiba, mahari, vyote vyake.

Shida ni mbili. Nyuma imelala, na upande wa dereva umelala zaidi, hata ikiwa tupu inaonekana kama imebeba. Halafu malori yamechimba njia za mashambani, yameacha mgongo katikati, na difu ya nyuma, lile bonge la gia kwenye ekseli, inaukwaruza. Ukiwa udongo mweusi uliolowa, gari linakaa juu ya mgongo na magurudumu yanazunguka bure mpaka trekta ije.

Fundi wa kuchomelea ameniambia anikatie shako ndefu, zile zinazoshika ncha ya springi na chesesi, aongeze inchi mbili kote. Kisha nifunge tairi 285/75R16 kwenye rimu za mtumba za Prado. Anasema pesa ikibana nianze na tairi kubwa za nyuma tu, kwa kuwa mzigo uko nyuma. Jirani yangu naye anasema niachane na mambo ya kuchomelea, niagize springi za kuinua inchi nne nimalize kazi.

Sina hela ya kujaribu halafu kurudia. Nishaurini.

Pancha_Usiku

Weka picha mkuu. Bila picha huu ni umbea.

Mahindi_Kiteto

Mtandao wa huku unasuasua, nitaweka nikishuka mjini.

FundiChesesi

Mkuu Mahindi, kabla hujatoa hata shilingi, tenganisha urefu wa aina mbili, maana huyo fundi wako kauchanganya.

Springi zinainua bodi na chesesi. Difu haiinuki hata milimita moja, kwa sababu difu iko kwenye ekseli na ekseli imebebwa na tairi. Unaweza kufunga springi za inchi sita gari lionekane kama twiga, bado difu itakwaruza mgongo uleule. Kinachoinua difu ni tairi yenye kimo kikubwa tu.

Sasa piga hesabu. 7.50R16 kimo chake ni kati ya milimita 805 na 810 hivi, inategemea nani kaitengeneza. 285/75R16 ni kama 834. Tofauti ni milimita 26 hivi, na difu inapata nusu yake, yaani 13. Utabadilisha rimu na tairi zote tano, uongeze uzito kwenye beringi na usukani, upate sentimita moja na ushee. Mgongo wa njia ya lori hauogopi sentimita moja.

Shako ndefu nazo zina hesabu yake. Shako inashika ncha moja tu ya springi, kwa hiyo ukiirefusha inchi mbili, gari linapanda inchi moja. Mbele ndiko kubaya zaidi. Kwenye hizi 75 shako za mbele ziko ncha ya mbele ya springi. Ukizirefusha, ekseli inazunguka kidogo na kasta inapungua. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona na gari likae kwenye mstari. Ikipungua utaona: barabara ya vumbi kwa mwendo wa sitini gari linatangatanga, unalifukuza kwa usukani kushoto kulia. Dawa yake ni kuweka kabari kati ya springi na ekseli, na hapo umeshaanza kutengeneza tatizo ulilolinunua mwenyewe.

Kulala upande mmoja si suala la kuinua. Hizo springi zimechoka, au kuna bamba limekatika. Ingia chini ya gari likiwa tupu, sehemu tambarare, uniletee majibu haya:

Umbali kutoka katikati ya hab hadi ukingo wa madigadi kwa magurudumu yote manne. Nafasi kati ya ekseli ya nyuma na ile mpira ya kugongea chini ya chesesi, kulia na kushoto. Springi za nyuma zimepinda au zimenyooka? Zikiwa zimenyooka bila mzigo, zimekufa. Osha tope kwanza, kisha pitisha kidole kwenye kila bamba hasa karibu na yubolti, zile bolti zinazobana springi kwenye ekseli, maana nyufa zinajificha hapo. Angalia pia bushi na pini za shako, zikichezacheza uchakavu wake unahesabika kwenye kulala.

Ukimaliza ndiyo tuongee tairi.

Kijana_33

Mnamkatisha tamaa mwenzenu bure. Tairi za inchi 33, kama hizo 285, zinapendeza kwenye mkonga, yaani Land Cruiser hii, gari linakuwa la kiume. Mimi ninazo na sijawahi kukwama.

FundiChesesi

Unabebea nini mkuu?

Kijana_33

Spika za harusi 😅

Mama_Semi

Nimecheka mpaka nimekohoa. Haya, mdogo wangu wa Kiteto, mimi ninauza tairi na ninayo malori mawili, nikueleze la kwangu.

Kwanza hilo la kufunga tairi kubwa nyuma tu likatae kabisa, hata ukipewa bure. Gari lako ukiingiza foo wili, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, hakuna difu ya katikati ya kuzitenganisha. Tairi za nyuma zikiwa na mzunguko mkubwa kuliko za mbele, kila mzunguko ekseli zinavutana. Kwenye tope laini itateleza na kusamehe. Ukipanda sehemu kavu bila kutoa foo wili, kitu kitapasuka: joini, gia za boksi la chini, au difu yenyewe. Zote nne ziwe saizi moja, na uchakavu usiachane sana. Spea pia iwe saizi hiyohiyo, maana siku ya pancha ndiyo siku unayohitaji foo wili.

Pili, wewe unabeba mahindi, kwa hiyo usisome saizi peke yake, soma namba ya mzigo pembeni ya tairi. 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 116 ni 1250, 120 ni 1400, 123 ni 1550. Kuna tairi nyingi za mtumba zinazotoka kwenye magari ya familia, zina sura nene na meno ya kutisha, ukisoma ni 112. Ukizipa gunia kumi na tatu kwenye makorongo, zitavimba ubavu. Tafuta yenye herufi LT mbele ya saizi na namba kuanzia 120.

Tatu, angalia umri. Kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri machoni lakini ya miaka kumi ni biskuti. Muuzaji akikuambia namba hizo ni za kiwanda, hazina maana, hama duka.

Ushauri wangu wa saizi: 235/85R16. Kimo chake ni milimita 806 hivi, sawa na 7.50 yako, kwa hiyo mwendo na nguvu ya gari havibadiliki, na haina tyubu. Ukiwa mtu wa 7.50 na hela ni ndogo, baki na 7.50 mpya, si dhambi. Majeshi na mashirika ya misaada yametembea nazo Afrika nzima.

Ila hizo rimu zenye ringi ziheshimu. Usimruhusu kijana wa pancha ajaze upepo huku kainama juu yake. Ringi isipokaa vizuri inaruka, na ikiruka haimwachi mtu mzima. Rimu ilazwe ringi ikiangalia chini, au ifungwe mnyororo, na mjazaji asimame mbali na mpira mrefu.

Isiolo_Leaf

Boss, salamu kutoka Isiolo. Naomba kutofautiana na Fundi kidogo tu.

Ni kweli difu haiinuki kwa springi. Lakini difu si kitu pekee kinachogonga. Kuna tangi, ekzosi, boksi la gia, na ule mkia wa chesesi nyuma ambao kwenye pickup ni mrefu. Huku kwetu ni mawe na mito mikavu. Ukishuka korongo na kupanda upande wa pili, mkia ndio unachimba. Inchi mbili za springi kamili, si za shako, zinasaidia sana hapo. Yangu iko na springi za inchi mbili na 235/85, na inabeba.

Inchi nne ndiyo kelele. Propela shafti inakaa wima mno na joini zinaanza kulia. Lile fimbo la usukani linainama, kwa hiyo kila ukigonga shimo usukani unajivuta wenyewe. Mipira ya breki inafika mwisho. Shokapu za kawaida zinaning'inia bila kazi. Na gari lililobeba juu linayumba kwenye kona.

Kitu kingine watu husahau: angalia kama juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo ndogo imeunganishwa na valvu ya breki. Valvu hiyo inapima kama gari limebeba. Gari likibeba, nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiinua nyuma bila kurekebisha ile fimbo, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na gunia kumi na tatu. Utashuka mlima na breki za mbele pekee. Hii niliisikia kwa mechanic mmoja mzee na nikaenda kuangalia yangu siku hiyohiyo.

FundiChesesi

Isiolo umesema kweli, na hilo la valvu nilikuwa naliacha la mwisho, umeniwahi. Kwenye inchi mbili sipingi kama springi ni kamili na shokapu zinalingana nazo. Ninachopinga ni kumwinulia mtu gari kwa sababu difu inakwaruza. Tatizo na dawa havikutani.

Sijui_Kitu

Samahani, mimi mgeni wa magari. Kwa hiyo huyo ndugu afanyeje na huo mgongo wa katikati?

FundiChesesi

Swali zuri kuliko yote humu ndani. Asiuweke katikati. Apandishe gurudumu moja juu ya mgongo na jingine nje ya njia ya lori, gari linainama kidogo lakini difu inapita juu ya shimo. Pasipokuwa na nafasi hiyo, ashuke na jembe aukate mgongo pale palipo juu. Na ajue difu yake ya mbele imekaa upande, haiko katikati. Ukijua iko upande gani unachagua gurudumu la kupandisha. Hakuna tairi ya dukani inayoshinda jembe.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum. Huku Oman pickup hizi ni kama punda wa bwana, kila mtu anayo na kila mtu ana rai. Mie nimependa alosema Mama Semi ila nizidishe jambo la upepo.

Watu wengi hutaka tairi pana wakidhani upana ndio unaobeba gari kwenye mchanga. Ukipunguza upepo, tairi hurefuka chini, alama yake ya ardhini inakuwa ndefu, na hapo ndipo gari linapoelea. 235/85 ubavu wake ni mrefu, ikipunguzwa upepo inanyooka vizuri. Twashusha mpaka psi 15, wengine 12, kwa mwendo wa taratibu bila kona kali, tukirudi lami twajaza.

Kwa tope lako jeusi mambo ni mbali. Tairi pana litapanda juu ya tope na kuteleza kama sahani. Tairi jembamba hukata tope likatafuta ardhi ngumu chini. Kama ardhi ngumu ipo, jembamba litashinda. Kama haipo, nyote mtalala hapo mpaka asubuhi.

Na kwa tyubu, tahadhari. Usishushe upepo sana ukiwa na tyubu, kwani tairi litateleza juu ya rimu, tyubu ivutwe, na shina la valvu likatike. Hapo pancha haina kiraka.

Mahindi_Kiteto

Wakuu mmenifumbua macho. Nimeingia chini leo asubuhi na kijana wangu ameshika futi.

Mbele kulia na kushoto ziko sawa, tofauti ni ya kidole. Nyuma, upande wa dereva umeshuka milimita 45 kuliko upande wa pili. Nafasi ya ile mpira ya kugongea upande huo inaingia vidole viwili tu, na gari ni tupu. Springi zote za nyuma zimenyooka kama rula. Nimeosha tope: bamba la pili upande wa dereva limekatika kabisa karibu na yubolti, limekaa tu hapo kwa sababu limebanwa. Pini za shako zinacheza. Ile fimbo ya valvu aliyosema Isiolo ipo, na imefungwa kwa waya wa uzio. Sijui nani aliifunga, gari nililinunua hivyo.

Isiolo_Leaf

Waya wa uzio! Boss, hiyo anza nayo kesho.

FundiChesesi

Haya, sasa tunaongea kitu kinachoonekana. Gari lako halihitaji kuinuliwa, linahitaji kurudishwa.

Usikubali mtu akutolee hilo bamba moja aweke jingine la gari lingine. Na usikubali zipigwe nyundo zipinde upya. Najua ni rahisi na kila mji una mtu wake, lakini chuma kilichochoka kikipindwa kwa nyundo kitarudi kulala msimu wa kwanza wa mahindi. Nunua seti mbili za nyuma, kulia na kushoto kwa pamoja, za mzigo. Kwa kuwa unabeba tani moja na zaidi karibu kila safari, chukua zenye bamba nene la chini la kusaidia, lile linalogusa kazi gari likishabeba tu. Likiwa tupu litaruka kidogo, utavumilia. Kama muuzaji ana za kuinua inchi moja kwa bei hiyohiyo, chukua, hazitakudhuru. Mbele ziache zilivyo, badilisha bushi tu.

Yubolti ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika, ukizikaza hazishiki vilevile. Zikazwe gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, si likiwa limening'inia juu ya jeki, na bushi pia zikazwe hivyohivyo, zisije zikajisokota.

Gunia kumi na tatu ziache. Kumi. Najua hutanisikia.

Mama_Semi

Hatakusikia, wala mimi kwenye malori yangu hawanisikii.

Mdogo wangu, upande wa rimu: ukiamua kuhamia 235/85 usichukue za Prado. Bolti ni sita kama zako, ndiyo maana mafundi wanazipenda, lakini zimevutwa ndani. Usukani ukikata kona, tairi itasugua springi ya mbele, na kwa 285 ndiyo kabisa. Tafuta rimu za chuma za Land Cruiser zenye bolti sita, za inchi 16 kwa 6 au 7. Na usidanganywe na rimu za 79, zile pickup zilizokuja kuanzia 1999. Hizo ni bolti tano na nafasi ya bolti ni nyingine, haziingii hata kwa dua.

Upepo: kwa 235/85 yenye namba 120, anza na 35 mbele na 38 nyuma ikiwa tupu. Ukibeba, nyuma peleka 55 au 60 bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pima asubuhi kabla haijatembea. Tairi ya moto inadanganya.

Kijana_33

Kwa hiyo hakuna 33?

Mama_Semi

Hakuna, baba. Na 1HZ bila tabo ikivuta tairi za 33 zikiwa na mahindi juu, utaingia gia ya pili mpaka Kibaigwa.

Mpemba_Muscat

Na spidomita nayo itamdanganya. Kutoka 806 kwenda 838 ni kama asilimia nne. Akiona 80 anakwenda 83. Si kubwa, ila askari wa tochi hajali.

Mahindi_Kiteto

Nimeelewa. Nimezungumza na duka moja Dodoma, springi za nyuma za mzigo zinapatikana, naongezea yubolti, pini na bushi za pande zote. Fimbo ya valvu fundi mwingine anasema anaweza kuipata kwa gari lililochinjwa. Tairi nabaki na 7.50 mpya kwa sasa, msimu ukilipa nitatafuta rimu na 235/85. Shako ndefu nimefuta. Yule wa kuchomelea nimemwambia anitengenezee tu ngome ya kujazia upepo hizi tairi za ringi, kafurahi, kapata kazi.

Mama Semi, swali moja: hizi 7.50 mpya nikizikuta za mabamba (ply) kumi na nne na za kumi na mbili, nichukue zipi?

Mama_Semi

Soma namba ya mzigo, achana na mabamba. Kama zote ni 122, chukua yenye umri mdogo. Kwa barabara yako, ile laini kidogo inakanyaga mawe vizuri kuliko ngumu.

FundiChesesi

Na yubolti uzikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kisha tena baada ya wiki. Springi mpya zinajikalia, na yubolti zinalegea. Bamba lako la pili lilikatika pale pale zinapobana, na mara nyingi ulegevu ndiyo sababu.

Pancha_Usiku

Picha bado.

Mahindi_Kiteto

Kesho mjini, naahidi.

Makete_Baridi

Wakuu nimeusoma uzi wote. Mimi ninayo Hilux ya 1996 ya dizeli, ina springi mbele kama hiyo, nayo imelala mbele upande wa kushoto. Niulize hapa hapa au nifungue uzi wangu?

FundiChesesi

Fungua wako mkuu, usije ukachanganya vipimo vya watu wawili. Na uje na vipimo vya magurudumu yote manne, gari likiwa tupu.